Babu alikuwa Keya, lakini kwa jina lipi?

Kwetu Newala kila mtu alijua babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na kwamba alipigana Bama (Burma, sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia. Nilipoanza kumtafuta kwenye makaratasi, jina tulilomwita halikuonekana popote, na karibu mwaka mzima ukapotea hivyo. Shangazi ndiye aliyenitoa gizani: "Mwanangu, hilo ni la ubatizo, alibatizwa mtu mzima. Jeshini aliingia na jina la jandoni."

Kwa hiyo anza na wazee, wangali hai. Uliza jina la utotoni, la jandoni na la dini, na la mjomba wake pia, maana sisi Wamakonde ukoo tunaufuata kwa mama. Uliza aliingia jando na kina nani. Umri ulioandikwa na makarani mara nyingi ni wa kukisia. Rika la jando halikisiwi.

Halafu omba kufunguliwa masanduku. Shangazi alitoa kopo la biskuti lenye karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe moja imeliwa na mchwa. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, juu namba ya jeshi. Namba hiyo inakili kwanza! Jina kila karani aliliandika alivyolisikia. Medali nayo itazame ukingoni: za Waingereza za Vita vya Kwanza huwa na jina na namba, ila Nyota ya Bama ilitolewa bila jina.

Pensheni usiitegemee sana. Wengi waliorudi walipewa kiinua mgongo mara moja, basi. Hilo linaniuma hadi leo. Sensa za 1948 na 1957 nazo zilichapisha hesabu za watu, si majina. Vitabu vya ubatizo vya misheni na stakabadhi za kodi vilinifaa zaidi.

Aliyefia vitani mtafute kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo mtandaoni bure. Babu alirudi, hayumo. Lakini shangazi alinitajia mwenzake wa jando, wa kijiji cha pili, aliyeondoka naye asirudi. Huyo nilimkuta: jina, namba, kikosi, na tarehe ya mwaka 1944, wakati Keya wakiteremka bonde la Kabaw, huko Bama, kuelekea mto Chindwin.

Nilinakili tarehe ile nikawapelekea wajukuu zake. Ijumaa iliyofuata wakamsomea hitima.