Bitiruti na rozela mwezi mzima, damu haijapanda

Swali: Habari daktari. Nina ujauzito wa wiki 22, naishi Makorora, Tanga. Mwezi uliopita kliniki walinipima damu, nikawa na 8.9. Nikaanza juisi ya bitiruti na rozela, glasi asubuhi na glasi jioni, na kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji. Juzi nimepimwa tena, 8.7. Vidonge vya kliniki nimeviacha, vinanitapisha na choo kinakuwa cheusi, nikaogopa. Jirani ananiuzia kopo la virutubisho vya "kusafisha na kuongeza damu" kwa shilingi 85,000. Nichukue, au niongeze juisi?

Jibu: Kopo mwachie jirani, na juisi usiiongeze. Vidonge virudie leo usiku.

Swali la sura hii linakuja kila wiki, kinachobadilika ni jina la juisi tu: bitiruti, rozela, zabibu nyeusi, matembele mabichi yaliyosagwa. Mzizi wake ni imani kwamba chekundu huongeza chekundu. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, ndiyo iliyopimwa kwenye 8.7 yako, na hemoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu, haihusiani na chuma hata chembe. Ndiyo hiyo hiyo baadhi ya watu huiona kwenye mkojo saa chache baada ya kunywa, wakashtuka. Dagaa mkavu hana wekundu wowote, na kwa chuma anaiacha bitiruti mbali.

Tupige hesabu. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kama miligramu 0.8. Kidonge kimoja cha kliniki kina miligramu 60. Kuzifikia hizo 60 kwa bitiruti ungekula kilo saba na nusu kwa siku. Mlonge una chuma, ni kweli, ila kijiko kimoja cha unga kinakupa miligramu mbili hivi, na majani yenyewe yana vitu vinavyokishika chuma hicho kisipenye kwenye utumbo. Rozela ina uchachu unaosaidia, halafu ina viambata vya jamii ya vile vya chai vinavyozuia. Ukishakoroga yote hayo na sukari vijiko vinne, kilicho na uhakika kwenye glasi ni sukari. Glasi moja ya bitiruti kwa hamu yako haina ubaya. Kuiita tiba ndiko kunakoudhi. Na matembele au kisamvu msinywe vibichi: kisamvu kibichi kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa sawasawa.

Sasa vidonge. Choo cheusi ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa, hakina madhara yoyote. Cha kuogopwa ni choo cheusi, laini na chenye kunata kama lami, chenye harufu kali, hata kwa mtu anayetumia chuma.

Kutapika kunapungua ukibadilisha saa. Acha kumeza asubuhi tumbo likiwa tayari limechafuka. Meza wakati wa kulala, saa mbili baada ya chakula cha usiku, kwa maji na chungwa moja. Machungwa ya Muheza yapo sokoni kwa bei ya kuokota, na vitamini C yake inafanya kazi halisi ya kukifungulia chuma njia. Kichefuchefu kikiendelea, meza na kipande cha mkate au ndizi. Ufyonzwaji utapungua kidogo, lakini kidonge kilichoingia tumboni kinakishinda kilichobaki kwenye pakiti. Choo kikiwa kigumu ongeza maji, papai na mboga. Kwa damu ya 8.7 dozi ya kawaida ya tiba ni miligramu 120 za chuma kwa siku, yaani vidonge viwili vya 60, na hiyo akupangie mhudumu wa kliniki. Usisubiri tarehe iliyo kwenye kadi, nenda wiki hii. Mpaka umwone, kimoja kila usiku.

Vifungie mbali na watoto. Rangi yake na utamu wa juu huwadanganya wakadhani pipi, na konzi moja inaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Jambo ambalo hukuandika, na wengi hawaandiki: chai. Ukimeza kidonge na chai ya rangi ya tangawizi, au ukakila chakula chenye chuma na kikombe cha chai pembeni, zaidi ya nusu ya chuma hicho inaweza kupotea. Kahawa ya barazani ni hivyo hivyo, na maziwa pia huzuia. Chai ya asubuhi haijakatazwa, iache mbali na kidonge kwa saa mbili. Ukipewa na vidonge vya kalsiamu, hivyo viwe mchana, chuma usiku.

Jingine ni udongo. Kama unatafuna pemba, au barafu, au mchele mbichi, sema kliniki bila haya. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, na udongo ukifika tumboni unakishika chuma na kutoka nacho. Mayai ya minyoo nayo husafiri humo.

Chakula kinalinda, hakitibu upungufu wa kiasi chako peke yake. Weka dagaa au nyama kidogo kwenye mchicha wa nazi, kwa sababu nyama na samaki humsaidia mlaji kufyonza chuma cha mboga, kisha kamulia limau sufuria ikishaepuliwa. Kunde na maharage loweka usiku kucha, maji yake mwaga. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki, basi. Yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ukimeza vizuri, tegemea damu ipande kama gramu 1 ndani ya wiki nne, yaani karibu 9.7. Isipopanda na vidonge umemeza kweli, tatizo halipo kwenye chuma peke yake. Pwani yetu ina malaria, kwa hiyo lala ndani ya chandarua na meza SP, vidonge vya kukinga malaria unavyopewa kliniki. Usijinunulie asidi ya foliki ya miligramu 5 duka la dawa kwa kuona kubwa ndiyo bora, inaipunguzia SP nguvu. Ile ya miligramu 0.4 iliyomo kwenye kidonge cha kliniki inatosha. Uliza kama umeshapewa dawa ya minyoo, maana safura hunyonya damu kimya kimya, na uliza kipimo cha sikoseli kama kwenu ipo. Ukihema ukiwa umekaa, moyo ukienda mbio, ukazimia, au damu ikishuka chini ya 7, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kopo. Mwulize jirani maswali mawili: lina chuma miligramu ngapi kwa dozi, na limesajiliwa kama dawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Akijibu "limetengenezwa kwa mimea kumi na mbili," hajajibu. Damu inasafishwa na figo na ini, haingoji kopo. Vidonge unavyovikimbia vinatolewa kliniki bure, na hata ukivikosa huko, duka la dawa vinauzwa kwa bei isiyokaribia hata kidogo hiyo 85,000.

Na wauzaji hawa hawaishii kwa wajawazito. Kopo hilo hilo anauziwa mzee wa miaka 60 mwenye damu 8, ambaye hana mimba wala hedhi. Kwa mtu kama huyo lazima ifikiriwe kwamba damu inatoka mahali: vidonda vya tumbo, diklofenaki, dawa ya maumivu ya goti anayoinunua kila wiki, au uvimbe kwenye utumbo. Miezi mitatu ya juisi ni miezi mitatu ya uvimbe kukua. Hata vidonge vya chuma asinunuliwe na wanawe kimya kimya, kwa sababu vinaweza kuipandisha namba kidogo na chanzo kikabaki palepale. Apimwe choo kama kina damu isiyoonekana kwa macho, aeleze dawa zote za maumivu anazotumia, na daktari akiona haja apelekwe kipimo cha kamera ya tumbo.