Blichi Haitaki Mwenza Ndooni

Dawa ya kung'arisha sinki la choo mara nyingi ina asidi. Blichi ina sodiamu hipokloriti. Kila moja peke yake inafanya kazi yake vizuri tu. Zikikutana, asidi inaifukuza klorini kwenye blichi, nayo inatoka ikiwa gesi. Huhitaji kumwaga chupa nzima; mabaki ya dawa ya jana ambayo hayakusuuzwa yanatosha kukutoa machozi.

Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo haipandi kwenda dirishani. Inatambaa sakafuni, palepale alipochuchumaa anayesugua, na palepale anapotambaa mtoto. Siki na maji ya limau ni asidi pia, hivyo wale wanaotia siki kwenye blichi "ili iwe kali" wanapata ukali kweli, ila kifuani. Mkojo uliokaa, pamoja na baadhi ya dawa za vioo, una amonia. Blichi ikikutana nayo hutoa kloramini, gesi nyingine inayochoma koo na mapafu. Ndiyo maana choo kinachonuka mkojo huvutwa maji kwanza, mara mbili ikibidi, kabla blichi haijagusa.

Ukihisi macho yanawasha na koo linakaba, toka. Usijaribu kuzimua kwa kumwagia kitu kingine, wala usirudi kuchukua ndoo. Acha mlango na madirisha wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, usiitegemee. Kama dawa imeruka machoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Anayeendelea kukohoa au kubanwa na kifua aende hospitali, hata kama anajiona nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Kosa la pili ni kumimina kwa macho. Soma asilimia ya hipokloriti kwenye lebo. Kwa kufuta meza, vitasa na sakafu, 0.1% inatosha: kama blichi ni ya 5%, weka mililita 20 kwenye maji mililita 980, kama ni ya 3.5%, mililita 30 hivi kwa lita. Tangulia maji, kisha blichi, isije ikakurukia. Maji yawe baridi, kwani ya moto yanaiharibu haraka na kuongeza mvuke. Uchafu nao unaila klorini, kwa hiyo osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake blichi. Uliyochanganya asubuhi isilale. Mwaga iliyobaki jioni. Hata ile ya chupani hupungua nguvu ikikaa juani.

Fungua pande mbili za nyumba wakati wa usafi, dirisha na mlango unaotazamana. Dirisha moja peke yake linasaidia kidogo mno. Manukato ya kupulizia hayaondoi chochote. Yanafunika harufu na kuongeza kemikali nyingine juu yake.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, nayo ni moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja inaweza kutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi wowote. Ukilazimika kuchoma, choma jioni chumba kikiwa wazi na hakuna mtu ndani, kisha izime kabla ya kulala.

Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi. Unatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko hilo lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dirisha lililofunguliwa nusu. Watu kadhaa wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja ndani ya nyumba, na wakitoka nje wanapata nafuu, usidhani ni malaria: watoe wote nje, kisha wapelekwe hospitali.

Vidonge vya naftalini, vile vya kufukuzia wadudu kabatini, visiwekwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjikiwa chembe hizo kwa kuvuta mvuke wa naftalini tu. Nguo zilizokaa navyo zifuliwe na kuanikwa hewani kabla ya kuvaliwa na yeyote.

Mwisho kabatini: mafuta ya taa na blichi visikae kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwani yakirudi juu yanaingia mapafuni. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.