Picha inaganda hata mvua ikishakatika: anzia kwenye waya

Dada yangu wa Tanga, pole. Umesema picha ya TV yako ya dishi ilianza kugandaganda tangu masika, na sasa hata jua likiwaka nusu ya chaneli hazionekani. Fundi anataka ununue king'amuzi kipya. Usinunue bado.

Mvua kubwa hufifisha mawimbi ya madishi madogo, lakini ikikatika picha hurudi. Isiporudi, mimi hushuku maji yameingia kwenye waya unaotoka kwenye dishi hadi kwenye king'amuzi. Zima king'amuzi na uchomoe umeme kwanza, maana waya ule hupeleka volti 13 au 18 juu kwenye kichwa cha dishi, yaani LNB. Kisha fungua konekta, yaani kile kiungio cha chuma mwishoni mwa waya. Ukiona kutu ya kijani au shaba imekuwa nyeusi, umeshampata mchawi. Kwetu pwani chumvi ya hewani hula konekta upesi sana. Kata kipande kilichooza, funga konekta mpya, zungushia tepu isiyopitisha maji, na uuache waya ulegee kidogo chini ya LNB ili matone yadondoke.

Kupotea kwa nusu ya chaneli nako ni dalili nzuri kuifuata: volti 13 huchagua kundi moja la chaneli, 18 jingine. Waya mbovu hupunguza volti, na kundi la 18 likapotea.

Dishi usiliguse kabla ya hapo. Likisogea hata digrii mbili, satelaiti inapotea kabisa. Na tafadhali, usimpandishe kijana juu ya bati lililolowa.