Kamba ya kushushia itangulie kupanda

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kupogoa miti mikubwa huku Mtwara, kupanda na kukata mtafundishwa mapema. La kumshusha mwenzenu aliyeumia huachwa mpaka siku linapotokea, na siku hiyo mikono inatetemeka. Mimi lilinikuta Mikindani, kwenye mwembe wa zamani. Mwenzetu alijikata mkono kwa msumeno wa mnyororo, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake, kama mita kumi kutoka chini. Kamba ya akiba tulikuwa nayo, ila ilikuwa ndani ya gari, imejisokota, na tulipoipitisha kwenye panda ya matawi ikawa fupi. Alishuka hai. Zile dakika za kuhangaika kuunga kamba huku damu inadondoka kwenye majani zinaniuma mpaka leo.

Tangu hapo, kwenye kundi langu halikatwi tawi kabla kamba ya pili haijapita kwenye panda nene juu ya mahali pa kazi, ncha zote mbili zikiwa chini. Panda ikiwa mita 15 kwenda juu, mita 30 hazitoshi, maana kuna ya kuzungusha shinani, chukueni 40. Iwe kamba ya kupandia hasa. Ya katani ifunge mizigo tu, kwani huoza ndani huku nje inaonekana nzima. Ncha ya mwisho ipigwe fundo isije ikachomoka.

Breki ni shina, siyo misuli. Zungusha kamba shinani mara mbili au tatu, mizunguko isipandane, na kila mzunguko utapunguza uzito unaofika mikononi. Ikizidi, kamba inang'ang'ania na majeruhi anashuka kwa kurukaruka. Ikipungua, inakimbia na kukuchuna viganja. Kipimo hakisomwi kwenye karatasi, kwa sababu gome la mwembe halishiki kama la mti laini. Pandisheni gunia la korosho la kilo 80 mlishushe mara kumi, taratibu, mpaka anayeshika breki aweze kulisimamisha popote akiambiwa. Avae glavu, asijiviringishie kamba mkononi wala kiunoni, na asisimame chini ya anayeshushwa. Anayetoa amri awe mmoja.

Ajali ikitokea, tazameni nyaya kwanza. Tawi likiwa limegusa waya wa umeme, hakuna kugusa mti mpaka TANESCO wakate. Kama ni salama, mwokoaji apande kwa kamba yake mwenyewe, siyo ya majeruhi. Sisimizi wa maji moto watamuuma mpaka usoni, avumilie. Damu ikichuruzika aikandamize na kuifunga kwanza, kisha aunge kamba ya kushushia kwenye pete za mkanda wa majeruhi kwa karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia, yenye kufuli. Aliyezirai afungwe na kifuani asipinduke, lakini uzito ubaki kwenye mkanda wa nyonga. Kamba ya kifuani peke yake inabana pumzi.

Chini, wawili wavute na wa tatu akaze shinani, mpaka kamba ya majeruhi mwenyewe ilegee. Hapo ndipo inafunguliwa. Ikilazimu kisu, ishike kwa vidole, ifuate mpaka uone inakotoka. Ikiwa bado imekaza, usikate. Kamba iliyobeba mtu haisubiri kisu kizame. Ukiigusa tu, nyuzi zinaachia. Halafu mwokoaji ashuke naye sambamba, akimkinga na matawi.

Msimwache ananing'inia bila kusogea kwa sababu mnasubiri msaada. Damu hujikusanya miguuni na anaweza kufa hapohapo. Akifika chini mlazeni, shingo na mgongo visipindwe, na mtu awe ameshapiga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Msimpakie mshikaki kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali ya Ligula. Apelekwe amelala juu ya ubao, kwenye pikapu ambayo dereva wake mlishakubaliana naye asubuhi, wakati mnarusha kamba.