Usiondoke dirishani hujaelewa: muuguzi anajibu

Barua za wiki hii zina kilio kimoja: mtu anatoka kituo cha afya na dawa mkononi, maelezo hana.

Sista, nilikutwa na malaria. Kwenye bahasha ya dawa wameandika "4×2, 3/7". Nikameza viwili viwili, mara nne kwa siku. Nimeharibu? (Msomaji, Busia)

Kosa si lako. Aliyekupa bahasha ndiye alipaswa kukueleza. Namba ya kwanza ni vidonge vya mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Hiyo 3/7 ni siku tatu; saba ni siku za wiki. Kwa hiyo ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Ndicho kipimo cha Coartem, dawa ya malaria, kwa mwenye kilo 35 na zaidi. Dozi ya pili humezwa baada ya saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Imeze na maziwa au chakula chenye mafuta, hata mchuzi wa karanga, ndipo mwili uichukue vizuri. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo. Homa ikishuka siku ya pili, endelea mpaka umalize, wala usimwekee mtoto vilivyobaki.

Wewe rudi kituoni na bahasha yako, waeleze ulivyomeza, hasa kama homa bado ipo. Siku nyingine mwombe anayekupa dawa achore jua na mwezi, na vidonge kando yake. Ni haki yako: Hati ya Wagonjwa ya Uganda ya 2009 inataka mgonjwa aelezwe matibabu yake.

Mama mkwe ana presha. Akipimwa ikaonekana nzuri, anaacha dawa. Nimwambieje? (Jinja)

Mwambie imekuwa nzuri kwa sababu anameza. Presha kwa kawaida haiumi, ndiyo maana inawadanganya wengi, huku ikiharibu figo na moyo mpaka siku ya kiharusi. Lakini kabla ya kumwambia lolote, muulize kwa heshima kwa nini anaacha. Labda anapata kizunguzungu, labda anakojoa mno usiku, labda nauli ya boda imemshinda na anaona aibu kusema. Kizunguzungu hutatuliwa kwa kubadilishiwa dawa au kipimo, nauli kwa kuomba apewe kwa mara moja dawa za siku nyingi kidogo. Ukianza kwa kumgombeza hutajua ni lipi.

Mama yangu anajua Kilugbara tu. Kliniki Kampala walimtumia binti yangu wa miaka 12 kutafsiri. Ni sawa? (Arua)

Si sawa, na linaniumiza kila ninapolisikia. Bibi hataitaja damu ya ukeni mbele ya mjukuu, na mtoto asibebeshwe majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi. Ombeni mfanyakazi mtu mzima anayejua lugha hiyo, au nendeni na ndugu mtu mzima ambaye mama mwenyewe amemchagua. Kiswahili nacho husaidia sana kwa watu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na familia za kambi za wakimbizi. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Mama akikijua kidogo, aseme mapema.

Naweza kumeza vidonge vya damu vya ujauzito na chai? (Mbale)

Hapana, chai huzuia madini ya chuma. Tumia maji, chai inywe saa moja au mbili baadaye. Choo kikiwa cheusi usiogope.

Mimi ni nesi kituo cha daraja la tatu. Foleni inafika getini. Muda wa kuelimisha nautoa wapi? (Tororo)

Mwenzangu, nakuelewa. Yale ya wote, kama chandarua na dalili za hatari kwa mtoto, yaseme asubuhi kwenye mabenchi kabla ya kuanza kuita majina. Chumbani baki na mambo mawili au matatu tu. Halafu acha kuuliza "Umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Uliza: "Ukifika nyumbani utamwelezaje mzee jinsi ya kumeza hizi?" Akikwama, eleza upya kwa maneno mengine, bila kupandisha sauti. Kisha andika kwenye daftari lake kwa maneno kamili: vinne asubuhi, vinne jioni, mpaka Alhamisi.