Nimeshusha bei Kakamega, mbona najibiwa Kisumu?

SWALI: Nina hadiwea Kisumu na Kakamega. Mpinzani wangu naye ana maduka miji hiyo hiyo. Nilipunguza saruji kwa shilingi 20 kwa mfuko Kakamega. Yeye akapunguza Kisumu, Kakamega hakugusa. Ana akili timamu kweli?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Timamu kabisa, ndugu. Amekugonga penye mfupa. Tuseme faida yako ni shilingi 50 kwa mfuko na Kakamega ulikuwa ukiuza mifuko 40 kwa siku: 2,000. Sasa hata ukiuza 70 kwa faida ya 30, unapata 2,100. Umeongeza shilingi mia! Kisumu unauza 200. Tuseme naye amepunguza 20: ukilazimika kumfuata bei, unapoteza 4,000 kila siku. Yeye huko ni mdogo, punguzo halimuumi sana.

Ndiyo maana wanaokutana masoko mengi huogopana. Evans na Kessides walionyesha mwaka 1994 kuwa nauli za ndege Marekani zilikuwa juu zaidi pale mashirika yalipokutana kwenye njia nyingi. Ila masoko yakilingana kwa kila hali, woga hauongezeki.

Rudisha bei ya Kakamega, usubiri wiki mbili. Usimpigie simu mpatane bei: Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza, na faini yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Na meneja wa Kakamega asilipwe kamisheni kwa mauzo ya duka lake tu. Hasara ya Kisumu haioni.