Barua za Bandani: Vifaranga 41, Wote na Doa Kichwani

*Shikamoo Bibi. Mimi ni msomaji wako wa Mkuranga. Niliambiwa nikichanganya kuku wa kanga na kuku mwekundu nitatambua madume na majike siku ile ile wanapototolewa, kwa sababu madume huwa na doa jeupe kichwani. Nikatafuta jogoo wa kanga, mzuri kweli, nikamweka na mitetea 9 wekundu. Juzi mashine imetoa vifaranga 41. Wote weusi, wote wana doa. Na nilishamwahidi mteja majike 20. Mume wangu anasema nimeuziwa jogoo feki. Je, ni kweli wote ni madume?*

Marahaba, mwanangu. Usimpelekee aliyekuuzia maneno makali. Jogoo wako ni safi, tena vifaranga hao 41 ndio ushahidi wake. Mlichogeuza ni upande. Jogoo ndiye alitakiwa awe mwekundu na mitetea ndio wawe wa kanga.

Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi ndogo za mwilini zinazobeba urithi) mbili za jinsia zinazofanana, Z na Z. Tetea ana Z moja na W moja. Jeni ya milia, yaani chembe ya urithi inayompa kuku wa kanga mistari yake, inakaa kwenye Z, na W haina. Sasa fikiria kanga za kuvaa. Jogoo halisi wa milia ana doti nzima, vipande viwili, na kila mtoto wake anapata kimoja, wa kike na wa kiume sawasawa. Tetea wa milia ana kipande kimoja tu, na hicho humpa mwanawe wa kiume. Binti kwa mama amepokea W, kwa hiyo hana kipande. Kama na baba ni mwekundu asiye na milia, binti anatotolewa mweusi bila doa, na kaka yake ana doa utosini. Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni jogoo wa Rhode Island Red kwa mitetea wa Plymouth Rock wenye milia.

Kwa hiyo takriban nusu ya vifaranga wako ni majike, ila kichwa hakitakuambia ni wepi. Subiri wiki ya tano au ya sita, upanga wa kichwani wa madume uanze kukua na kuwa mwekundu. Mpigie mteja leo umweleze. Akitaka atasubiri, asipotaka utakuwa hujamdanganya.

Nasema hivyo kwa sababu limenipata. Mwaka wangu wa pili wa kufuga, hapa Kihonda, Morogoro, nilipenda dume mmoja kati ya chotara hao wenye doa, nikambakiza awe jogoo wa banda. Alikuwa mkubwa, mtulivu, milia imejaa mwili mzima. Sikujua kwamba jogoo wa namna hiyo ana kipande kimoja cha milia, sio doti, kwa hiyo kwa mitetea wasio na milia nusu ya watoto wake wanapata na nusu wanakosa, bila kujali jinsia. Nikamuuzia mama mmoja vifaranga 15 wasio na doa na kumwapia kuwa ni majike. Saba wakawika. Nilimrudishia fedha yake yote. Tangu hapo dume chotara kwangu ni wa sufuria au wa mnadani, hazalishi.

Jambo la pili, nalo nakuomba ulisome mara mbili kabla hujatafuta mitetea. Neno letu "kanga" linabeba kuku wa aina mbili. Kuna mwenye milia, yaani kila unyoya una mistari ya weusi na weupe inayoukata kwa upana kutoka shina hadi ncha. Kuna na mwenye madoa, ambaye unyoya wake ni wa rangi moja halafu nchani una tone jeupe. Ukisimama mbali wote wanafanana na kanga wa porini. Madoa hayo ya nchani yanatokana na jeni nyingine kabisa, haiko kwenye Z, na haikusaidii hata kidogo kujua jinsia. Kwa hiyo usinunue kwa macho ya mbali. Mshike tetea, chomoa unyoya mmoja wa ubavuni, ulaze kwenye kiganja. Ukiona mistari, nunua. Ukiona tone tu, mwache, hata kama anataga vizuri namna gani.

Doa la kichwani pia linahitaji kifaranga mweusi ili lionekane. Mitetea wako wa milia wawe wale wenye weusi uliokolea, kwa sababu kifaranga wa kahawia au wa manjano hulificha doa na utabaki unakisia.

Ukishapata mitetea hao, usianze kukusanya mayai siku ile ile unapomleta jogoo mwekundu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo aliyepita ndani ya mwili wake, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu hizo kwa wiki mbili na zaidi. Mimi husubiri wiki tatu kamili. Mayai ya wiki hizo tunakula. Na jogoo wa jirani asiruke ukuta!

*Bibi, nina jogoo na mitetea wa rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Wanunuzi wa hapa Arusha wanaipenda sana. Lakini kila nikitotolesha napata weusi na wengine weupe waliochafuka. Nifanyeje banda lote liwe la kijivu?*

Halitakuwa, mwanangu, ukipandisha kijivu kwa kijivu. Kijivu hicho ni kuku mweusi mwenye dozi moja ya jeni inayofifisha weusi. Akiikosa ni mweusi, akipata dozi mbili anakuwa huyo mweupe mwenye madoa ya kijivu unayemwita amechafuka. Kijivu kwa kijivu, kwa wastani, katika kila vifaranga wanne mmoja ni mweusi, wawili kijivu, mmoja mwenye dozi mbili. Kuku wa Andalusia wa Hispania ndio wanaojulikana zaidi kwa jambo hili. William Bateson wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1902 kwamba kanuni za urithi ambazo Mendel alizipata kwa njegere zinafanya kazi hata kwa kuku, aliwachunguza na wenzake.

Sasa hao "waliochafuka" usiwauze bei ya kutupa. Mchukue jogoo mmoja kati yao, umpe mitetea weusi tii. Vifaranga wote watakuwa kijivu. Wote.

*Shikamoo. Jogoo wangu mweupe kwa tetea mweusi ametoa vifaranga weupe watupu. Jirani naye ana jogoo mweupe, kwa tetea mweusi wake wametoka weusi. Inakuwaje?*

Marahaba. Weupe wa kuku uko wa aina zaidi ya moja. Wako unatawala, kama wa kuku aina ya Leghorn mweupe: dozi moja inatosha kuufunika weusi, ingawa ukiwatazama vizuri wakikua utakuta kidoa cheusi hapa na pale. Wa jirani umejificha, unahitaji dozi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akiwapandisha hao weusi wenyewe kwa wenyewe, karibu mmoja katika kila wanne atatoka mweupe.

Na yule dada wa Mkuranga anisikie hapa pia: jogoo mweupe asimtumie kwa kazi ya doa. Leghorn weupe wengi wana milia chini ya weupe wao, na huwezi kuiona.